Shajara ya redio ndogo ya Ngamiani: wimbo huu unamdai nani?

Februari, wiki ya kwanza

Chumba cha redio yetu ya mtandaoni kimepatikana. Kiko ghorofani, Ngamiani, Tanga, juu ya duka la vipuri vya baiskeli, na mwenye nyumba ametupunguzia kodi kwa sharti kwamba Ijumaa mchana tusipige muziki. Vifaa tulivyonavyo ni kompyuta moja, mixa ndogo, maiki mbili na betri ya sola ya kutuvusha umeme ukikatika. Muziki utapigwa kwa Mixxx na kurushwa kwa seva ya Icecast, zote programu za bure. Tumeamua kurusha kwa kilobiti 64 kwa sekunde. Kwa kiwango hicho msikilizaji anatumia chini kidogo ya MB 29 kwa saa. Tukipandisha hadi 128 atatumia karibu MB 58, na watu tunaowatarajia ni mafundi cherehani, mama lishe na walinzi wa usiku, ambao bando lao ni la kununua siku kwa siku.

Muziki wa Tanga ndio utakaopewa nafasi ya kwanza. Vijana wa Makorora wanajua kila wimbo uliotoka wiki hii, lakini wengi hawajui kwamba mji wao ndio uliotoa Black Star Musical Club na Lucky Star, vikundi vilivyoingiza magitaa na midundo ya dansi kwenye taarab mpaka mwambao mzima ukafuata. Hapa ndipo zilipopambana Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Wilson na George Peter Kinyonga walianzia hapa kabla ya kuvuka kwenda Kenya na kuanzisha Simba Wanyika. Urithi huu hauna redio yake, na ndiyo sababu ya kazi hii.

Kabla hatujapiga hata wimbo mmoja tumewekeana ahadi: hautaruka wimbo hewani bila sisi kujua unamdai nani.

Februari, katikati

Karatasi zinazotakiwa ni za aina mbili, na karibu kila niliyezungumza naye anazichanganya.

Aina ya kwanza ni ruhusa ya kuwafikia watu kwa mtandao, na hiyo ni habari ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 ziliweka redio za mtandaoni pamoja na blogu na televisheni za mtandaoni, zikataka ada ya maombi shilingi 100,000, ada ya leseni 1,000,000 na ada ya mwaka 1,000,000. Vikundi vidogo vingi viliishia hapo. Kanuni zilitungwa upya mwaka 2020 na zimefanyiwa marekebisho baadaye, kwa hiyo anayeanza leo asome zinazotumika leo, asitegemee alichosimuliwa na rafiki.

Aina ya pili ni ruhusa ya muziki wenyewe, na hii inatoka kwenye Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, namba 7 ya mwaka 1999. Leseni ya kwanza haimpi mtu haki ya kupiga wimbo wa mwenziwe. Unaweza kuwa na vibali vyote vya kurusha na bado ukawa unatumia jasho la watu bure. Kwa miaka mingi COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ndiyo iliyotoa leseni, ikakusanya mirabaha, yaani malipo ya wenye nyimbo, na kuigawa. Tangu marekebisho ya 2022 sheria inaruhusu vyama vya wenye haki kukusanya na kugawa, na ofisi ya hakimiliki ikabaki na usimamizi. Na kwa kuwa Tanzania imo katika Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, tangu 1994, wimbo wa Mkongo au wa Mmarekani nao unalindwa hapa kama wa Mdigo wa Pongwe.

Mwenzangu anayetafuta matangazo ameuliza kwa nia njema: redio yenye wasikilizaji wachache hivi, nani atakuja kuikagua Ngamiani? Nimemjibu kwamba mkaguzi simfikirii. Ninayemfikiria anaishi Msambweni, umri umeshamtupa mkono, na nyimbo zake ndizo tunazotaka zitupatie matangazo.

Februari, mwishoni

Leo nimekwenda kwake. Alipiga besi katika kikundi kimoja cha taarab cha mji huu miaka ya sitini na sabini.

"Hodi! Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na baiskeli? Iingize ndani, jua litakula tairi."

Baada ya kahawa akatoa santuri moja ya mizunguko 45 kwa dakika, imefungwa kwa gazeti. Niliichukua nikaisoma mbele na nyuma. Kwenye karatasi ya katikati kuna jina la wimbo, jina la klabu, namba ya santuri na nembo ya waliorekodi. Hakuna jina la aliyetunga mashairi wala la mwimbaji. Yeye mwenyewe, ambaye besi yake ndiyo inayofungua wimbo, hayumo popote.

Nikamwomba anieleze ulivyotengenezwa. Mashairi aliyaandika mwalimu wa madrasa aliyekataza jina lake lisitajwe. Sauti, yaani melodi, aliitia mpiga kodiani. Mwimbaji alikuwa binti wa mtaa wa pili, ambaye mama yake aliombwa ruhusa kwanza na wazee wa klabu. Waliorekodi walilipa mara moja, taslimu, na pesa zikagawanywa usiku uleule.

"Sasa babu, wimbo huu ni wa nani?"

"Ni wa klabu."

"Na klabu iko wapi siku hizi?"

"Nimebaki mimi, na yule bibi wa Pangani. Na watoto wa mwalimu, kama wapo."

Nimerudi nyumbani nikaisoma sheria upya huku santuri ile iko kichwani. Wimbo mmoja unabeba haki za watu mbalimbali. Mtunzi wa maneno na mtunzi wa sauti wana hakimiliki, inayodumu maisha yao yote na miaka 50 baada ya kufa. Mwimbaji na wapigaji wana hakishiriki, yaani haki inayoambatana na ya mtunzi, kwa walichokitumbuiza. Aliyetayarisha rekodi naye ana hakishiriki yake, ya miaka 50 kwa rekodi. Wengi wanakwama hapa. Santuri iliyotoka mwaka 1968, ulinzi wake kama rekodi ulikwisha pamoja na mwaka 2018. Lakini kama yule mwalimu wa madrasa alifariki mwaka 1990, mashairi yake yana mwenyewe mpaka mwisho wa 2040. Kwa hiyo anayesema "ni ya zamani hiyo, piga tu" anasema ukweli juu ya rekodi, na anawadhulumu watoto wa malenga.

Ngoma za asili zina mlango mwingine. Sheria hiyohiyo inalinda sanaa za jadi zisitumiwe kibiashara nje ya mazingira yake bila idhini, na ruhusa hiyo inapitia BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Kipindi cha ngoma tumekisogeza mbele mpaka tuandike barua.

Machi, mwanzoni

Tumeweka tangazo fupi WhatsApp kuuliza nani angependa kutusikiliza. Majibu mengi yametoka Tanga, Muheza na Dar, ila mengine yametoka Muscat, Leicester na Washington. Ndipo suala la nchi nyingine likaingia, kwa sababu wimbo unaofika kwenye simu ya mtu aliye Marekani unakutana na sheria ya Marekani.

Nimesoma historia yao usiku na mchana, na kila mwenye redio ndogo angefaidika nayo. Kule kituo cha FM kinamlipa mtunzi lakini hakimlipi mwimbaji wala mwenye rekodi. Redio ya mtandaoni inalipa wote. Mwaka 2002 kiwango kiliwekwa dola 0.0007 kwa kila wimbo kwa kila msikilizaji mmoja. Redio ndogo zililia, na mwishoni mwa mwaka huohuo Bunge lao likapitisha sheria ya kuziruhusu kupatana, zikawa zinalipa asilimia 10 ya mapato hadi dola 250,000 na asilimia 12 ya kinachozidi, au asilimia 7 ya matumizi kama hiyo ndiyo kubwa zaidi. Mwaka 2007 ukaja uamuzi mwingine, wenye viwango vya kupanda mwaka hadi mwaka kutoka 0.0008 kwa 2006 hadi 0.0019 kwa 2010. Tarehe 26 Juni 2007 redio nyingi za mtandaoni zilinyamaza siku nzima kupinga. Mapatano yakapatikana tena, lakini ya redio ndogo yaliisha na mwaka 2015, na Januari 2016 Live365, iliyokuwa imebeba maelfu ya vituo vidogo, ikafunga. Ilifufuka 2017 chini ya wamiliki wapya.

Nimepiga hesabu kwa kiwango kilichoanza 2021, dola 0.0021. Tuseme redio ina wasikilizaji 100 kila saa, usiku na mchana, na inapiga nyimbo 15 kwa saa. Kwa mwezi wa siku 30 hiyo ni mara 1,080,000 za wimbo kusikilizwa, na deni ni dola 2,268. Kwa mwaka linavuka dola 27,000. Redio hiyohiyo ikiwa haifanyi biashara, wasikilizaji walewale na nyimbo zilezile, kwa viwango hivyo vya 2021 ililipa dola 1,000 tu kwa mwaka, maadamu jumla ya saa za kusikilizwa haikuzidi 159,140 kwa mwezi. Yetu ya mfano ingekuwa na saa 72,000.

Kulipa nakukubali kabisa. Nisichokikubali ni kipimo. Kulipisha kwa kila sikio kunaiadhibu redio ndogo kwa sababu ya kupendwa: wasikilizaji wanaongezeka leo, matangazo yanakuja mwakani, na deni linakuwa limeshafika. Asilimia ya mapato inamwacha mdogo akue, na msanii anakua naye.

Ila kuna kitu cha kule ambacho natamani kiletwe hapa kama kilivyo. Pesa za rekodi zinazokusanywa na SoundExchange, shirika lao la kukusanya malipo ya rekodi, zinagawanywa kwa sheria: asilimia 50 kwa mwenye rekodi, 45 kwa msanii anayetajwa, na 5 kwa wapigaji na waimbaji wasiotajwa. Mzee wangu wa Msambweni angekuwemo kwenye hiyo 5. Sheria imemwona mpiga besi. Nimeliandika hili kwa wino mwekundu kwenye daftari la mradi.

Machi, katikati

Uamuzi juu ya nje: kwa sasa tunafunga Marekani na Uingereza. Kichujio cha anwani za IP kimewekwa mbele ya seva, kimejaribiwa na kinafanya kazi.

Marekani tumeifunga kwa sababu ya ada na pia kwa sababu ya masharti ya ile leseni yao ya kisheria. Ndani ya saa tatu usipige nyimbo zaidi ya tatu za albamu moja, wala zaidi ya mbili mfululizo. Za msanii mmoja zisizidi nne, wala zaidi ya tatu mfululizo. Na usitangaze mapema wimbo gani unafuata. Sisi tunataka kumpa Bi Shakila Said jioni nzima. Alizaliwa Pangani, aliimba Black Star na Lucky Star, alifariki 2016, na mji unamdai heshima. Jioni hiyo ingevunja masharti kabla ya adhuhuri ya Washington.

Uingereza ina kesi yake. Mwaka 2019 mahakama ya London iliamua kwamba TuneIn, programu ya kusikilizia redio za nchi mbalimbali, kwa kuwafungulia Waingereza vituo vya nje visivyo na leseni ya huko, ilikiuka hakimiliki, na rufaa ya 2021 haikuubadilisha msingi huo. Tangu Septemba 2020 msikilizaji wa Uingereza hafungui vituo vingi vya nje kupitia TuneIn. Kituo cha Tanga kikiwalenga Waswahili wa Leicester kwa matangazo ya maduka yao, kinajiingiza humo chenyewe.

Shangazi amenipigia kutoka Leicester.

"Mwanangu, mbona redio yenu ya majaribio inagoma kufunguka?"

"Shikamoo shangazi. Tumeifunga sisi wenyewe, hatujapata leseni ya kwenu."

"Marahaba. Basi ipateni. Mimi nimekaa nasubiri taarab."

Nimemtumia mahojiano ya mzee, ambayo ni mazungumzo tu bila muziki, na ruhusa yake tumeiandika. Hayo yanaweza kusikilizwa popote.

Machi, wiki ya mwisho

Kazi kubwa ya mwezi imekuwa majina. Tulipewa fleshi na diski zisizo na maandishi na wasamaria wengi, tukajaza kompyuta. Usiku wa majaribio, programu iliandika hivi:

21:14:06 – Track 07 – Unknown Artist – 4:52

Mstari huo ukiingia kwenye ripoti, pesa iliyolipwa kwa dakika hizo nne na sekunde hamsini na mbili haina pa kwenda. Redio imelipa, chama kimepokea, na aliyeimba hapati kitu. Kwa mtazamo wangu hili ndilo tundu kubwa kuliko ukubwa wa ada: kituo kinacholipa bila orodha kamili kimelipa kiingilio tu. Redio ndogo haiwezi kulipa pesa nyingi, lakini inaweza kutoa orodha safi kuliko kituo chochote kikubwa, kwa sababu nyimbo zake inazijua moja moja.

Mstari uleule, baada ya kumpigia bibi wa Pangani na kumsikilizisha kwa simu, sasa una jina la wimbo, mtunzi wa maneno, mtunzi wa sauti, mwimbaji, wapigaji, klabu, mwaka, nembo ya waliorekodi na namba ya santuri. Nyimbo mpya zinaongezewa ISRC, ile namba ya alama 12, herufi na tarakimu kwa pamoja, inayotambulisha rekodi. Pasipojulikana hatuachi wazi, tunaandika "anatafutwa". Kijana wa chuo anayetusaidia ameandika programu ndogo inayounganisha kumbukumbu za Icecast, ambazo zinaonyesha kila msikilizaji alikaa sekunde ngapi, na saa ambayo kila wimbo ulianza. Tunapata wimbo, saa na idadi ya waliousikia.

Asili ya rekodi nayo ina mizunguko. Taarab nyingi ya Tanga ilitoka Mombasa kwa nembo ya Mzuri, na mwaka 1989 GlobeStyle ya London ikaitoa tena sehemu yake. Faili iliyochukuliwa kwenye santuri na iliyochukuliwa kwenye toleo la London zinaweza kusikika sawa huku wenye rekodi wakiwa mbalimbali, kwa hiyo tunaandika chanzo cha kila faili. Za Simba Wanyika zilirekodiwa Nairobi, na Kenya kwa miaka mingi vyama vya kukusanya vilikuwa vimegawanyika: MCSK kwa watunzi, KAMP kwa watayarishaji, PRISK kwa watumbuizaji.

Vijana wa sasa wana shida tofauti. Wanaleta nyimbo kwa WhatsApp, sauti imeshabanwa, na ukimuuliza biti ni ya nani anakwambia ameishusha YouTube. Tumetengeneza fomu ya ukurasa mmoja: nani kaandika, nani kaimba, prodyuza ni nani, mgawanyo wenu ni asilimia ngapi kwa kila mmoja, sahihi za wote. Wawili wamegombana hapa ofisini kwa sababu ya safu ya asilimia. Afadhali wagombane sasa wakati wimbo hauna pesa. Wameondoka wamekubaliana 50 kwa 30 kwa 20, na prodyuza akaletwa kwa bodaboda kutia sahihi.

Aprili

Tuko hewani. Mzee wa Msambweni alifungua kwa kutaja majina ya wote waliokuwa kwenye wimbo wake, aliye hai na aliyekufa, kisha ndipo wimbo ukapigwa. Tumeifanya kuwa desturi: mtangazaji anataja mtunzi kwanza, mwimbaji baadaye. Inachukua sekunde kumi na wasikilizaji wameipenda.

Kwenye maombi ya leseni ya muziki tumependekeza kulipa kwa asilimia ya mapato na kuahidi ripoti ya kila mwezi, mstari kwa mstari. Afisa tuliyezungumza naye kwa simu alitaka kuona mfano, tukampelekea wiki moja ya majaribio. Ada yoyote watakayoiweka tumeitengea asilimia 10 ya kila tangazo, katika akaunti ambayo hatuigusi kwa umeme wala kodi.

Jumamosi jioni tunapiga vipande vifupi vya nyimbo zenye "anatafutwa" na kuwaomba watu wapige simu. Majina mengine yanakuja na ubishi, na yakibishaniwa tunaandika pande zote mbili na kuacha nafasi ya ushahidi. Jumamosi iliyopita alipiga mama mmoja wa Muheza. Alisema sauti ya kodiani ni ya mjomba wake, na mashairi ni ya baba yake, mwalimu wa madrasa. Akasoma beti mbili ambazo kwenye santuri hazimo kabisa, kutoka daftari la marehemu. Mzee wa Msambweni alikuwa studio. Alizimalizia vina kwa kichwa.

Jumanne mama huyo anakuja na daftari, cheti cha kifo na barua ya usimamizi wa mirathi. Fomu ya kusajili kazi nimeshaichapisha, na nauli yake ya kwenda na kurudi inatoka kwenye mfuko wa matangazo.